Somo: Kusafisha nyavu za oveni inayojisafisha yenyewe

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwa wote.

Wiki hii watu watatu wameniuliza swali lile lile: oveni ikijisafisha, nyavu zikae ndani au zitoke? Wote wamehamia Marekani karibuni, wamepanga nyumba zenye oveni inayojisafisha, na wanataka kubonyeza kitufe kabla Ramadhani haijaingia. Najibu hapa ili na wengine wafaidike: zitoeni nyavu kwanza. Zile nyavu za chuma tunazowekea trei, kazi yake ni ya maji moto, sabuni na usiku mmoja wa kuroweka.

Mimi nasafisha nyumba za watu hapa Ohio, mwaka wa tisa huu. Somo hili nililipata jikoni kwangu. Nilioka kuku wa kupaka, nikamlaza juu ya wavu wenyewe ili apate ule uchomo wa mkaani. Tui likadondoka, likaungua, likashika chuma kama lami. Nikaacha nyavu ndani, nikabonyeza kitufe, nikaenda kulala. Asubuhi uchafu haukuwepo, lakini na mng'aro haukuwepo. Chuma kimepauka, pengine kimegeuka samawati, na kila nikivuta wavu unakwaruza hadi meno yanasisimka. Nilipohama, mwenye nyumba alikata bei ya nyavu mpya kwenye dhamana yangu.

Sababu ni hii. Oveni inapojisafisha haitumii maji wala dawa. Hujifunga mlango, kisha hupanda hadi nyuzi joto 430 au hata 480 za Selsiasi (kwa vipimo vya huku ni kama 800 hadi 900 za Farenhaiti), ikakaa hapo kwa saa kadhaa mpaka mafuta yote yawe jivu. Kuta zake zimepakwa enameli iliyoundwa kustahimili moto huo. Nyavu nyingi ni chuma kilichopakwa kromu au nikeli, na ngozi hiyo nyembamba haiwezi.

Kwanza, utambue wavu wako. Unaong'aa kama fedha unatoka. Mweusi au wa kijivu, wenye ngozi laini kama ya sahani zile za bati za zamani, huenda ni wa enameli. Kijitabu cha oveni kikiruhusu, uache ndani. Zenye reli za gololi zitoe hata zikiwa nyeusi, maana mafuta ya kulainishia reli huungua.

Pili, roweka. Tandika taulo kuukuu ndani ya hodhi la kuogea, lisije likachubuka, ulaze nyavu juu yake. Fungulia maji ya moto kabisa ya bomba mpaka yazifunike. Tia nusu kikombe cha sabuni ya unga ya mashine ya kuosha vyombo, au tembe tatu za mashine hiyo, ukoroge kwa mwiko mpaka iyeyuke. Ziache usiku kucha. Kama nyumbani kuna watoto, funga mlango wa bafu kwa ufunguo, kwa sababu sabuni hiyo ni kali kwa macho na koo.

Msiibadilishe na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono, maana hiyo ni ya mafuta mabichi. Mafuta yaliyokwisha kuungua yanataka magadi. Bibi zetu walisugua masufuria kwa majivu, na majivu yalifanya kazi kwa sababu yana chumvi ya jamii ya magadi ndani yake. Sabuni ya mashine ni jamaa ya majivu hayo: nyingi zina magadi, na juu yake vimeng'enya vinavyokata wanga na protini. Ukiikosa, kikombe kizima cha bekingi soda pamoja na sabuni ya vyombo kitakusaidia, ila utasugua zaidi.

Na tafadhali, wale wanaochanganya bekingi soda na siki kwenye maji hayo: povu linapendeza macho, lakini siki na soda zinauana, mnabaki na maji yenye chumvichumvi. Tumia kimoja.

Tatu, sugua. Vaa glavu. Sehemu kubwa itatoka kwa sifongo. Kwenye maungio ya waya tumia mswaki wa zamani. Ukoko uliobaki usugue kwa karatasi ya fedha ya jikoni iliyofinyangwa kuwa donge, huku ukifuata urefu wa waya. Hii ni kwa kromu tu. Enameli isuguliwe kwa sifongo laini.

Nne, suuza mara mbili na ukaushe papo hapo. Wavu ulioachwa na maji huota kutu pale kromu ilipochubuka. Mwisho chovya kitambaa katika mafuta ya kupikia kidogo sana, ufute kingo za pembeni zinazopita kwenye njia zake. Utateleza kama mpya.

Oveni yenyewe unaweza kuiwasha nyavu zikiwa bado majini. Futa kwanza mafuta yaliyotuama chini, la sivyo moshi utajaa nyumba. Toa karatasi ya fedha kama uliitandika, fungua madirisha, washa feni ya jikoni. Ule ukanda wa mlangoni uliofumwa msiusugue wala kuulowesha, ndio unaozuia joto lisitoke. Tena msifanye kazi hii siku moja kabla ya Idi. Moto ule wakati mwingine huunguza fyuzi au komeo la mlango likagoma, na nimeona familia ikibaki bila oveni na wageni wako njiani.

MASWALI YA WANACHAMA

Minneapolis: Shikamoo dada. Mimi nimeshaziacha ndani, zimekuwa na rangi ya buluu. Ni sumu?

Marahaba mdogo wangu. Si sumu, ni chuma kimebadilika rangi kwa joto. Rangi haitarudi hata usugue mwezi mzima. Paka mafuta kingoni uendelee kuoka. Lakini kromu ikianza kubanduka magamba, badilisha, yasije yakaangukia chakulani. Nambari ya modeli iko kwenye fremu unapofungua mlango, au ukivuta ile droo ya chini. Nunua kwa nambari hiyo, kwa sababu nyavu za kukisia kwa macho hazikai.

Muscat: Oveni yangu ni ya Ulaya, nayo ina kujisafisha. Zile ngazi za pembeni zinazoshika nyavu nazo zitoke?

Ndiyo kaka, kwa oveni nyingi za Ulaya zinatoka, pamoja na reli za kuvuta kama zipo. Nyingi huchomolewa kwa mkono, nyingine zina skrubu moja mbele. Piga picha kabla hujazitoa. Nazo ziroweke pamoja na nyavu, isipokuwa reli. Hizo zifute kwa kitambaa chenye unyevu tu, maji yataondoa mafuta yake.

Toronto: Sina hodhi, nina bafu la kusimama. Nifanyeje?

Mfuko mkubwa mzito wa taka. Weka nyavu, mimina maji moto na sabuni, funga mdomo, ulaze kwenye sakafu ya bafu, ugeuze kabla ya kulala.

Columbus: Jirani yangu anatumia amonia ndani ya mfuko, hata hasugui. Mbona hujaitaja?

Inafanya kazi, sikatai: mvuke wake hulegeza mafuta usiku kucha. Ila mfuko ukae nje ya nyumba na ufunguliwe nje, uso ukiwa mbali. Na isikutane kamwe na jiki au kitu chochote chenye klorini. Gesi inayotoka hapo huunguza mapafu. Mimi naingia nyumba za watu nisizojua wamemwaga nini bafuni jana yake, kwa hiyo nimeiacha kabisa.

Dallas: Tuna kasuku sebuleni. Moshi wa oveni utamdhuru?

Dada yangu, mtoe. Mapafu ya ndege ni mepesi mno, na moshi wa oveni inapojisafisha unaweza kumuua kasuku hata kama ninyi hamjasikia chochote. Hata vijitabu vya oveni huonya hivyo. Bora umpeleke kwa jirani tangu kabla hujabonyeza mpaka nyumba ipoe na hewa ibadilike. Na kama umeacha ndani ya oveni kikaango kisichoshika chakula, kitoe pia. Ngozi yake ikipashwa kupita kiasi hutoa mvuke mbaya zaidi kwa ndege.

Dar es Salaam: Oveni yangu ni ya gesi, haijisafishi. Somo hili linanihusu?

Linakuhusu lote la kuroweka. Beseni kubwa la kufulia linatosha, ukigeuza wavu upande baada ya saa chache. Trei za alumini tu usizitie humo. Magadi huzifanya nyeusi, na weusi ule hautoki kwa sabuni.