Namna ya kupima uongo katika shindano la mapenzi la runinga

Mimi ni mhariri wa sauti, kwa hiyo vipindi hivi huvitazama kwa masikio kwanza. Mshiriki akisema jambo zito huku kamera ikionyesha kisogo chake au uso wa mtu mwingine, tega sikio: pumzi ikikatika, au sauti ikipanda ghafla katikati ya sentensi, huenda maneno yameunganishwa kutoka mazungumzo mawili. Uongo huo ndio ninaouchukia zaidi, maana mwenyewe hakuutamka.

Kisha uliza nani alijua nini, na lini. Mwaka 2003, katika shindano la Joe Millionaire la Marekani, wanawake waliokuwa wakimshindania Evan Marriott waliambiwa amerithi dola milioni 50, kumbe alikuwa fundi wa ujenzi. Watazamaji walijua tangu mwanzo. Waliochekwa ni wanawake wale. Mshiriki akimlaghai mwenzake, hayo ni yao wawili. Mtayarishaji akiupanga uongo, ndiye aliyeshika mkataba na kamera (na malipo pia). Usiwapime kwa mizani moja.

Ukitaka kujisajili, tafuta katika mkataba kifungu kinachowaruhusu watayarishaji kukuficha ukweli. Kikiwapo, na hawasemi wazi kama unaweza kuondoka siku yoyote, usitie sahihi.