Kula Portland, jimbo la Maine, Marekani: soma bili kabla ya kutoa kadi

Mkiwa watu sita au zaidi mezani, someni bili kwanza, mstari kwa mstari. Migahawa mingi ya Old Port, ule mtaa wa majengo ya matofali unaoelekea bandarini, humwongezea mteja bakshishi yenyewe kundi likiwa kubwa, mara nyingi asilimia 20. Taarifa yake huwa chini kabisa ya menyu kwa herufi ndogo. Kwenye bili inakuja kama mstari mmoja tu, "gratuity" au "service charge", umebanwa kati ya chakula na kodi. Kisha mhudumu analeta mashine ya kadi, nayo inauliza upya: 18, 20 au 25? Mgeni anaona haya kwa sababu mhudumu amesimama pembeni, anabonyeza cha katikati. Amelipa mara mbili.

Piga hesabu. Watu saba wamekula chakula cha dola 240. Bakshishi ya asilimia 20 ni dola 48. Kodi ya Maine kwa chakula cha mgahawani ni asilimia 8, yaani dola 19.20. Jumla 307.20. Ukibonyeza 20 tena, na mashine ikapiga asilimia hiyo juu ya jumla yote, inaongezeka 61.44. Chakula cha 240 kimekutoka kwa 368.64. Kitufe cha kukataa kipo, ila huwa chini na maandishi yake ni hafifu. Kitafute, ukibonyeze, si utovu wa adabu. Ukishakosea, mwite meneja hapohapo kabla hujainuka. Narudia: bili kwanza, kadi baadaye.

Mkiwa wawili au watatu na mstari huo haupo, toa. Hapo ndipo ndugu zetu wanaotutembelea wanapotutia aibu, wakiacha dola moja mezani kama chenji ya chai. Sheria ya Maine inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa mezani nusu tu ya kima cha chini cha mshahara, iliyobaki itoke kwenye bakshishi. Naona ni utaratibu mbaya, tajiri kumtwika mteja mshahara wa mfanyakazi wake. Lakini ukigoma, anayeumia ni yule aliyekubebea sahani. Asilimia 18 hadi 20 ya chakula, kabla ya kodi, inatosha.

Mtego mwingine ni herufi mbili kwenye menyu: MP. Maana yake ni bei ya soko ya siku hiyo. Uliza, tena kwa sauti. Shangazi, usiagize kambakoche kwa sababu picha imekupendeza. Kambakoche wa Maine ana magando mawili manene yenye nyama tamu, si kama wetu wa Lamu au Kilwa. Kati ya Julai na Oktoba wengi wana gamba laini, wametoka kujivua la zamani: bei kwa ratili ni nafuu, lakini ndani kuna maji mengi na nyama kidogo. Wa gamba gumu amejaa. Kwa hiyo bei mbili hazilinganishwi mpaka ujue gamba.

Muislamu aulize kuhusu supu nzito ya kome au samaki. Jina ni la vitu vya bahari, ila mara nyingi huanza kwa kukaangia bekoni au mafuta ya nguruwe. Maharagwe yao ya kuoka vilevile.

Asubuhi nenda Becky's Diner, Commercial Street, wanakokula wavuvi. Kwa chaza, nenda Eventide, Middle Street. Hapo mkate uliojazwa kambakoche ni mdogo, wa mvuke, wenye siagi iliyopikwa hadi kuwa kahawia, hivyo usitegemee mmoja kushiba. Septemba na Oktoba meli za watalii hujaza mitaa hii mchana.

Kuweka nafasi ya meza mapema mara nyingi huhitaji kadi, na msipotokea inaweza kukatwa kwa kila kichwa. Msiweke meza ya watu tisa kwa ahadi za WhatsApp. Saa moja ni saa moja, na saa tatu usiku jikoni kwingi kunafungwa. Na mwenyeji akikwambia "twende tukale", hajakualika. Kila mtu hulipa chake. Kwetu anayeita ndiye anayelipa, na sioni sababu ya kuacha desturi hiyo baina yetu, ila usiende na mfuko mtupu ukiitegemea kwao.

Familia ikiwa kubwa, nunua kambakoche walio hai Harbor Fish Market, Custom House Wharf, mpike nyumbani. Maji yawe na chumvi kama ya bahari, yachemke hasa ndipo uwatie. Wa ratili moja na robo, karibu gramu 570, anahitaji dakika 10 hadi 12. Wa gamba laini mpunguzie dakika mbili.