Ukigonjeka majuu siku za mwisho za safari: sema mapema umetoka wapi

Wacha nianze na lile la muhimu kabisa, ndo hata ukiacha kusoma hapa uwe nalo. Kama wewe ni mtu wa upande huu wa ziwa, Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia, Kakamega, na umeenda ng'ambo wiki mbili tatu, halafu zile siku za mwisho mwili unaanza kuchemka, kichwa kinagonga, viungo vinauma, usiseme ni uchovu ama ni baridi ya huko mpaka damu yako ipimwe malaria. Mbu anakuuma leo lakini ugonjwa hauji leo. Ile malaria kali ya kwetu kwa kawaida inachukua kati ya siku 7 na 30 tangu uumwe mpaka ikuangushe, kwa hivyo aliyeumwa Nyalenda, hapo Kisumu, usiku wa kuamkia ndege anaweza kutembea wiki mbili mzima kabisa halafu imshike akifunga mizigo.

Na watu wa Nakuru msijitoe hapa. Ukienda matanga Bondo wiki moja kabla ya safari na ukalala huko bila neti, hesabu yako ni ile ile, tena wewe ambaye hukukua na malaria inaweza kukupiga vibaya zaidi.

Shida ni kwamba daktari wa kule anaona malaria mara chache, na kama ni msimu wa baridi kila anayeingia mlangoni akiwa na joto ana mafua, sasa na wewe utawekwa kwa hiyo laini. Shangazi yangu wa Ahero alienda Hamburg kumwona mjukuu, na karibu na siku ya kurudi akashikwa na ile baridi ya kutetemeka. Kliniki ya kwanza walimpa dawa za mafua, wakamwambia apumzike. Usiku amejifunika mablanketi yote ya nyumba na bado meno yanagongana, baada ya muda anayatupa yote chini jasho linatiririka, asubuhi anakunywa chai kama hakuna kitu, jioni inarudi. Yeye mwenyewe ndo alimwambia binti yake, "Mama, hii si mafua, hii naijua tangu nikiwa mdogo, nipeleke wapime damu." Wakaenda hospitali kubwa, na binti hakuanza na kichwa wala mgongo, alianza na mahali: mama ametoka Kenya, kando ya Ziwa Victoria, wiki mbili zilizopita, huko kuna malaria, tunaomba apimwe leo. Jioni hiyo hiyo alikuwa ashalazwa na dawa zishaanza.

Kwa hivyo na wewe sema hivyo, kwa mpangilio huo, hata kama hujaulizwa: umetoka wapi, lini, na unaomba kipimo cha malaria. Kipimo cha kwanza kikikosa kuona kitu na joto bado liko, omba kirudiwe, kawaida kinarudiwa kila baada ya saa 12 hadi 24 mpaka vifike vitatu. Usione haya kuuliza mara ya pili.

Najua wengi wetu tunabeba AL, ile dawa ya malaria, kwa mkoba. Kubeba si vibaya kama umenunua kwa kemisti anayejulikana, lakini usimeze mbili tatu ukiwa njiani kwenda hospitali, kwa sababu dawa nusu inaweza kupunguza vimelea kwenye damu mpaka kipimo kisione kitu na bado wewe ni mgonjwa. Peleka pakiti umwonyeshe daktari. Na kama ushameza, mwambie umemeza ngapi na saa ngapi.

Usingoje asubuhi ukiona mtu anaongea mambo yasiyoeleweka, anapumua kwa shida, shingo imekakamaa, macho yamekuwa manjano, mkojo umekuwa mweusi kama kokakola, ama kila anachokunywa kinarudi. Hapo ni ambulensi. Nchi za Umoja wa Ulaya ni 112, Uingereza ni 999 na hata 112 inaingia, Marekani ni 911. Mama mjamzito na mtoto mdogo hata usingoje hizo dalili, wao wapelekwe joto likianza tu.

Kuhusu pesa. Kama ulienda Ulaya na visa ya Schengen, bima unayo tayari, maana hiyo visa haitoki bila bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, na inafaa iwe inasimamia hata kukurudisha nyumbani ukigonjeka. Watu wanainunua ndo wapate visa halafu wanaisahau kwa bahasha. Itoe, tafuta ile namba ya dharura, pigeni simu kabla ya kwenda hospitali kama hali inaruhusu, na mkifika weka kila risiti na kila ripoti, omba ripoti ya Kiingereza kabla hujaondoka. Tena hizi siku za mwisho ndo watu wanamaliza pesa yote kwa zawadi. Tafadhali bakisha kitu ya teksi na dawa mpaka siku unapanda ndege.

Ndege sasa. Usijikaze kupanda ukiwa na joto, mgonjwa anaweza kuzidiwa huko juu na hakuna hospitali, na hata pale kaunta wakiona huwezi kusimama wana haki ya kukukatalia. Piga simu kwa kampuni ya ndege kabla ya saa ya kuondoka, kwa sababu usipotokea tu bila kusema wanaweza kufuta na sehemu zilizobaki za tiketi. Na kama tiketi ya Nairobi kwenda Kisumu ulinunua kando, hiyo nayo ibadilishwe, watu wanaisahau sana. Mwombe daktari barua ya kusema uko sawa kusafiri. Visa ikikaribia kuisha nenda uhamiaji wa huko, ama tuma mtu, kabla haijaisha, na barua ya hospitali mkononi. Ya Schengen inaongezwa bila malipo kama kweli ugonjwa ndo umekuzuia.

Kama ni kuhara tu, kunywa ORS, na ukikosa, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko viwe sawasawa visijae kilima. Kukiwa na damu ama joto, ona daktari.

Na ukigonjeka ushafika nyumbani, geuza ile sentensi ya umetoka wapi. Daktari wa Kisumu atafikiria malaria kwanza, ni sawa, apime, lakini mwambie ulikuwa wapi, tuseme India ama Thailand, kwa sababu dengi, ugonjwa mwingine wa kuletwa na mbu, nayo inaanza hivyo hivyo, na mpaka ijulikane si dengi usimeze aspirini wala brufen, zinaweza kuleta kutokwa damu. Panadol inatosha, vidonge 2 vya miligramu 500, isipite 8 kwa siku kwa mtu mzima.