Somo: Jinsi ya kuitambua Radula flaccida, livawoti inayoishi juu ya jani

Wakuu salama. Niliahidi hili somo tangu mwezi jana nikawa nazungushwa na mambo, leo mvua imenifungia ndani huku Amani kwa hiyo naandika lote.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Ukipita msituni Usambara Mashariki utaona majani ya vichaka yana mabaka ya kijani kama ukoga, wengi wanajua ni uchafu. Bibi yangu alikuwa anayafuta majani ya iliki kwa ncha ya kanga anasema yana ugonjwa, na mimi nilimsaidia kufuta miaka kibao kabla sijasoma. Kumbe ule ni mmea kamili una shina na majani na unazaa. Kiswahili hatuna jina lake la kawaida, nitasema livawoti, Wazungu waliipa hilo jina sababu aina nyingine zimefanana na ini. Wanaoishi juu ya majani ya wenzao ni wengi sana, leo nachukua mmoja tu, Radula flaccida, maana ukimjua huyu kuwatenganisha wengine inakuwa rahisi.

Hatua ya kwanza, pa kutafuta. Usihangaike juu ya miti, angalia chini kwenye kivuli, majani ya usawa wa kiuno mpaka kifua, karibu na kijito. Jani liwe gumu, linalokaa mtini zaidi ya mwaka, kwa sababu hiki kimmea kinakua taratibu na jani likidondoka nacho ndo kwaheri. Kinataka unyevu hewani karibu muda wote, ndo maana Amani panakifaa, mwinuko ni kama mita 900 hivi na ukungu kutoka baharini unagonga milima huku. Kikikosa maji hakifi hapo hapo, kinajikunja kinasinyaa, ukikidondoshea tone la maji kinafunguka ukiwa unakitazama, mimi mpaka leo hiyo kitu sijaichoka.

Halafu kabla hujachuma chochote, Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, kibali kwanza. Wa shambani kwako chuma jani zima, usimkwangue. Weka kwenye bahasha ya karatasi, SIO mfuko wa plastiki, mimi sampuli zangu za kwanza nilizifunga kwenye rambo siku tatu nikakuta ukungu mweupe mtupu.

Hatua ya pili, muangalie kwa juu. Chukua lenzi ya mkono ya mara 10. Utaona shina jembamba limelala kwenye jani, pande mbili lina safu za vijani vya mviringo vimepandiana kama vigae, kila kimoja kina upana wa milimita moja hivi au pungufu. Hakuna mshipa katikati, unene ni seli moja tu, ndo maana vinapitisha mwanga na ni laini laini, hilo neno flaccida lenyewe ni Kilatini maana yake legelege.

Hatua ya tatu ndo somo lenyewe, mgeuze. Watu wengi wanapiga picha ya juu wanatuma "mkuu hii ni nini", kwa juu wote wanafanana! Banua kipande polepole kwa sindano, weka kwenye tone la maji juu ya kipande cha kioo, tumbo juu. Kila kijani kimekunjwa, lile pande kubwa ndo uliloliona juu, na chini yake kuna kipande kidogo kimebana kama mfuko wa shati, kinaitwa lobuli. Sasa tafuta rizoidi, vile vinywele vya kushikia. Kwa Radula vinatoka kwenye lobuli kwa vishungi, sio kwenye shina. Pia katikati ya shina chini hakuna vijani vidogo vya tumboni, wakati Lejeunea, livawoti wengine wa juu ya majani, wanavyo. Cololejeunea, ndugu yao, naye hana, ila rizoidi zake zinatoka shinani, kwa hiyo hapo humchanganyi.

Ukiwa na mikroskopu angalia seli mbichi, utakuta matone ya mafuta makubwa ya kahawia, moja mpaka matatu kwa seli. Fanya mapema, yakikauka yanapotea.

Hatua ya nne, anavyozaa. Pembeni mwa vijani mara nyingi kuna visahani vidogo vya kijani, hizo ni gema, tone la mvua likipiga zinaruka jani la pili zinaanza maisha. Akizaa kwa spora, yaani chembe za uzazi kama vumbi, utaona kifuko bapa kama tarumbeta iliyokanyagwa, mdomo umekatwa sawasawa, ndani yake anachomoza kijiti cheupe chenye kichwa cheusi kinachopasuka vipande vinne. Hicho kijiti hakidumu, ukimkuta nacho una bahati.

MASWALI

Mwalimu, nina iliki Muheza, hawa wananiibia au wamekaa tu?
— Shikamoo mzee wangu. Wengi wamekaa tu ila huyu Radula ana kimkono kirefu, watafiti Berrie na Eze mwaka 1975 walionyesha rizoidi zake zinapenya nta ya jani na anavuta maji na fosfeti (kirutubisho cha mmea) kidogo. Na kivuli anakuwekea. Ila yupo zaidi kwenye majani ya zamani, sijaona shamba limekufa kwa ajili yake. Usipige dawa, kama wamezidi punguza kivuli kidogo wataisha wenyewe.

Bro nasikia Radula inalevya kama bangi, kweli?
— Nilijua utakuja wewe 😂 Hiyo ni Radula marginata ya New Zealand na ndugu yake wa Japani, wana kemikali inayofanana na ya bangi. Huyu wetu siye, utatafuna ukoga bure.

Nipo Taita, nitampata?
— Dada msitu wa ukungu mnao, anza Ngangao kwa kibali, angalia kwenye majani ya kivulini halafu GEUZA. Uluguru pia kwa walio Morogoro, mtaalamu wa mimea Tamás Pócs wa Hungaria aliwahi kufundisha huko na amewachambua sana hawa.

Sina mikroskopu, simu inatosha?
— Inatosha kwa lobuli. Bandika lenzi kwenye kamera kwa selotepu, mwanga utokee chini ya kioo, na maji yawe tone moja, ukijaza anaelea unamfukuzia mpaka jioni.