Namna ya kuandika makala: mfano wa chumvi ya Katwe

"Wachimba chumvi wa Katwe" ni mada tu, bado si makala. Tafuta mtu mmoja na swali moja: mwenye kidimbwi cha chumvi kwenye ziwa Katwe, wilayani Kasese, Uganda, analisha vipi familia miezi ya mvua, maji ya chumvi yanapozimuliwa na chumvi ikakataa kuganda? Swali liandike kwa sentensi moja kabla ya kupanda basi. Likikushinda, ahirisha safari.

Panga kwenda mara mbili, wakati wa jua na wakati wa mvua. Gawa daftari: ukurasa wa kushoto maneno ya watu, wa kulia ulichokiona, bei na majina ya zana. Kinasa sauti hakioni miguu iliyochubuka.

Usiulize "unajisikiaje?" Utajibiwa kama mkutano wa hadhara. Uliza, "Siku mvua ilipoanza, ulifanya nini kwanza? Halafu?" Kisha nyamaza, wengi husema la maana wakidhani umemaliza.

Lugha ndiyo huharibu makala nyingi. Mzee akizungumza Lukonzo, lugha ya wenyeji wa huko, dakika mbili na mkalimani akakupa sentensi moja, huo ni muhtasari. Usiuwekee alama za kunukuu. Rekodi, halafu mpe msemaji mwingine wa Lukonzo asikilize na kutafsiri neno kwa neno.

Kwa makala ya maneno 1,200, tukio la kufungulia lisizidi 150. Kufikia aya ya tatu au ya nne, msomaji aelezwe waziwazi makala inahusu nini na kwa nini aijali. Baada ya hapo changanya matukio na maelezo. Historia ya ziwa iingie pale tu inapofafanua jambo lililo mbele ya msomaji. Ufunguzi wa "tangu enzi za mababu" futa bila huruma.

Na "mimi", yaani mwandishi mwenyewe? Aingie ikiwa tukio lisingeeleweka bila yeye. Ukiandika juu ya ndugu zako, omba ruhusa kwanza: kijijini, kuficha jina hakumfichi mtu ambaye kila jirani anamjua kwa kazi yake.

Rasimu isome kwa sauti. Unapokosa pumzi, kata sentensi. Mwisho mpigie simu mhusika, uhakikishe jina, umri, bei na mfuatano wa matukio. Makala nzima usimtumie, maana ataanza kuihariri.