Banda la mianzi na chuma, shida kubwa ni miguu na maungio

Ukitaja kujenga na mianzi hapa Kisumu utaambiwa mchwa watamaliza, na kweli watamaliza ukiichimbia chini kama nguzo za ua. Ikifanywa sawa inakaa miaka mingi, na inakupunguzia simiti na chuma ambazo kuzitengeneza kunatoa kaboni nyingi sana. Chuma unaweka kidogo tu, pale mwanzi wenyewe hauwezi.

Kata mianzi iliyokomaa, miaka 3 hadi 5. Changa ina ungaunga mweupe na maganda bado yameshika, iliyokomaa imefifia rangi na ukiigonga inalia kavu. Januari au Februari ni poa kwa sababu kumekauka, na ukate juu kidogo ya fundo la kwanza kisiki kisishike maji. Ile ya asili ya Mau na Mlima Elgon ni nyembamba, ifanye ya paa, nguzo tafuta ile kubwa ya Asia, hata Migori kuna wakulima walitoka kwa tumbaku wakapanda mianzi.

Dawa ya kuzuia wadudu usiruke jameni. Toboa kuta za mafundo kwa ndani na chuma refu nyembamba, halafu loweka: maji lita 100, boraksi kilo 3, asidi ya boriki kilo 2, anza na maji moto ndio iyeyuke, iache wiki moja hadi siku 10 kisha uisimamishe kivulini, juani itapasuka. Mvua inaosha hiyo dawa kwa hivyo paa litokeze nje vizuri.

Miguu sasa. Mwaga zege itokeze nusu mita juu ya ardhi, ikiwa na chuma ya D12 (nondo ya unene wa milimita 12) iliyobaki nje kama sentimita 40. Vunja kabisa kuta za mafundo ya chini ya nguzo, ivalishe hiyo chuma, toboa tundu pembeni juu ya pale chuma imeishia, umimine mota ya simiti moja mchanga tatu huku ukigongagonga nguzo polepole mpaka mota ichungulie kwa tundu.

Kwa maungio msumari hapana, mwanzi utapasuka. Toboa na drili karibu na fundo, pitisha thredi rodi (chuma yenye nyuzi kama za bolti) ya milimita 10 au 12, weka wosha pana, kile kipete bapa cha chuma, pande zote mbili, kisha nati. Mafundi wa jua kali wa soko la Kibuye hapa Kisumu watakukatia urefu unaotaka. Pale mzigo ni mzito jaza mota kwa pingili yenye rodi kwanza, la sivyo ukikaza nati utaskia *krr* na hapo ukuta wa mwanzi umeshabonyea.

Upepo wa ziwa nao si mchezo, kwa hivyo funga chuma ya D8 kwa msalaba kati ya nguzo, chuma inavumilia kuvutwa kuliko kitu kingine hapo.

Kama ni ghorofa tafuta injinia, mwambie afuate ISO 22156 ya 2021, ndiyo kanuni ya kimataifa ya kusanifu majengo ya mianzi. Banda la kawaida, baada ya miezi kadhaa mianzi itakuwa imesinyaa kidogo, zunguka na spana ukaze nati zote tena na upake rangi ya kuzuia kutu kila chuma iliyo nje.