Jinsi ya kumpima mgombea wa MCA na mbunge hapa Mombasa kabla ya 2027

Jamani uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027 na kila maskani ukipita watu wabishana urais na ugavana tu, karatasi ya MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, mtu aipiga harakaharaka kwa kufuata chama ama kwa vile "huyu ni kijana wetu". Mimi naona hiyo ndio ya kupigiwa hesabu kali zaidi, manake MCA ndie anaekaa kwenye bajeti ya mtaro unaofurika mlangoni kwako.

Anza kwa kujua kura yako iko wapi. Mombasa ina maeneobunge 6 na wadi 30. Kuna mtu alihama Majengo zamani, sasa yuko Bamburi, lakini jina bado liko Mvita, basi achagulia mtaa asioishi na huku anakolala hana sauti. Na wewe wa Mtwapa, hapo ni Kilifi, hata kama kazi yako ni mjini. Nenda ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneobunge ulilohamia na kitambulisho chako uhamishe, na ufanye mapema, uchaguzi ukikaribia zoezi hufungwa.

Pili, na hapa ndipo tunapotiwa changa la macho, jua kiti chafanya nini. Kaunti ni zahanati, soko, taka, chekechea, barabara za ndani za mitaa na mitaro, na MCA kazi yake ni kupitisha bajeti ya hayo, kutunga sheria za kaunti na kumkaba gavana pesa zikipotea. Bandari, polisi, walimu wa msingi na sekondari, hatimiliki za mashamba, yote hayo ni serikali kuu. Kwa hivyo mtu akija Likoni ama Kisauni ataka u-MCA na aahidi hatimiliki na kazi za bandarini, ajua hana uwezo huo ama hajui kiti anachokitaka, na yote mawili ni mabaya. Hayo muulize mbunge, tena muulize ataibana wizara vipi bungeni.

Akija jioni mkiwa kwenye kahawa na kashata msimwache ahutubie tu. Muulizeni, mheshimiwa, mwaka wa bajeti waanza lini? Ni tarehe 1 Julai, na makadirio hufika bunge la kaunti kabla ya Aprili kuisha, kwa hivyo mambo ya wadi hupiganiwa mapema. Halafu, kwetu utaanza na nini na utaacha nini? Hilo la kuacha ndilo mimi hulisikiliza zaidi, anaeahidi kila kitu hajapanga chochote. Kama tayari yuko kitini, atwambie hoja gani alileta, na mbunge utamkuta kwenye Hansard, kumbukumbu za yanayosemwa bungeni, mtandaoni, soma mwenyewe alisema nini.

Mgombea huru usimdharau. Yataka awe si mwanachama wa chama chochote kwa miezi 3 kabla ya kura, na aungwe mkono na wapiga kura 500 wa wadi kama ni MCA, 1,000 wa eneobunge kama ni mbunge. Mkiwa na mtu mzuri hana chama, hizo sahihi mwaweza kuzitafuta nyinyi wenyewe mtaani.

Siku yenyewe vituo ni saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ukiwa kwenye laini wakati wa kufunga utapiga. Soma jina la wadi juu ya karatasi na uangalie picha kabla ya kutia alama. 2022 karatasi za ugavana wetu zilichanganyika hadi kura ikasogezwa 29 Agosti, kwa hivyo ukiona kitu hakiko sawa sema pale pale.

Wakishahesabu, matokeo hubandikwa kituoni, ya mbunge ni fomu 35A, ya MCA ni 36A. Piga picha zote mbili, kisha linganisha na yatakayosomwa kituo cha kujumlisha cha eneobunge.